Tende Mbili, Vipoza Viwili

Vipoza viwili vya prosesa vinapokaribiana kwa bei, kelele na uwezo wa kuondoa joto, mnunuzi hukutana na swali la kale la falsafa: je, hiari inaweza kuamua pasipo sababu? Noctua NH-D15 na Dark Rock Pro 4 ya be quiet! ni mfano mzuri. Vyote viwili vina minara miwili ya mapezi ya alumini na feni mbili. Kimoja kina kimo cha milimita 165, kingine karibu 163.

Mwanateolojia Al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alimweka mtu mwenye njaa mbele ya tende mbili zisizotofautiana hata kidogo. Atachukua moja, alisema, kwa kuwa kazi hasa ya hiari ni kupambanua vinavyofanana. Mwanafalsafa Ibn Rushd hakukubali. Kwake, mtu huyo hachagui tende hii badala ya ile; anachagua kula badala ya kukaa na njaa, na mkono hutua popote. Kwa mnunuzi wa kipoza jibu hili lina uzito zaidi, maana prosesa isiyopozwa hupunguza kasi au huzimika kabisa.

Mwanafalsafa Leibniz, katika kitabu chake Théodicée cha 1710, alikana kwamba usawa kamili upo: daima kuna tofauti, hata isipotambulika. Kuhusu vipoza hakukosea. Milimita mbili zinatosha kuzuia ubavu wa kasha la kompyuta usifunge.