Bastola Nzima ni Ipi?

Ukinunua shati la mtumba Gikomba, unaligeuza ndani nje, unavuta mshono, unaangalia kwapa. Kitu kilichotumika kina historia, na mnunuzi mjanja huisoma kabla ya kutoa pesa.

Marekani, watu wananunua hata rivolva hivyo hivyo. Ushauri anaopewa mnunuzi wa kwanza ni wa kifundi kabisa. Hakikisha haina risasi, kisha uhakikishe tena. Tikisa silinda uone kama inacheza. Vuta nyundo polepole, uone kama kila tundu linajifunga sawasawa nyuma ya mtutu. Mulika tochi pale risasi inapoingilia mtutu, utafute ufa. Smith & Wesson ya zamani ikipita mitihani hiyo, utaambiwa: chukua, hiyo ni nzima.

Sawa. Lakini nzima kwa nani?

Aristotle alifundisha kwamba kitu huwa kizuri kikifanya kazi yake vizuri: farasi mzuri hukimbia vizuri na kumbeba mpandaji wake. Kwa hesabu hiyo, bastola nzuri ni ile isiyogoma. Shida ni kwamba pikipiki ikiwa nzima, breki zikishika, hatari kubwa inapungua. Bastola ikiwa nzima, haitakulipukia mkononi, basi. Hatari ile nyingine inabaki palepale, tena bila kasoro.

Na si hatari ya kufikirika. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofuatilia watu wapatao milioni 26 jimboni California, kuanzia 2004 hadi 2016. Wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi karibu mara 8 zaidi ya wanaume wasio nazo. Hatari ilikuwa juu zaidi mara tu baada ya mtu kupata bastola yake ya kwanza. Yaani huyu huyu mnunuzi wa kwanza tunayemfundisha kutikisa silinda.

Utaniambia, wacha mahubiri, mtu mzima ana haki yake. Makanika hakuulizi gari linaenda wapi. Hoja hiyo ina uzito. Mwanamke anayewindwa na mume wa zamani aliyeapa kumuua ana sababu ambayo mimi siwezi kuidharau nikiwa nimekaa salama kwangu.

Ila kumuuliza mtu si kumnyima. Hapa Kenya, hata Sheria ya Silaha inataka mwombaji wa cheti awe na sababu ya maana. Lakini fomu inajibiwa leo, na maisha yanabadilika kesho: kazi inaisha, mpenzi anaondoka, usingizi unapotea. Fomu haitajua. Rafiki anaweza kujua, akiuliza. Nani mwingine anaishi humo ndani? Kuna watoto? Siku hizi unalala vizuri? Mambo yakiwa mabaya, ni nani utamkabidhi hiyo kitu akuwekee mpaka utulie?

Anayeombwa ushauri wa silaha amepewa nafasi ambayo muuzaji haitaki na sheria haiwezi kuijaza. Akiitumia kukagua chuma peke yake, amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Kwa hiyo mimi ningeanza na mnunuzi, ndipo tufike kwa silinda. Akikasirika aniambie hayanihusu, pengine yuko sahihi. Bado ningeuliza.