Ridhaa ya Mgonjwa wa Akili

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii hukubaliwa na wengi, lakini husahauliwa mlangoni pa hospitali ya wagonjwa wa akili. Aingiapo mtu humo, hudhaniwa kuwa akili yake yote imebaki nje. Dhana hiyo huzaa makosa mawili. La kwanza ni kumtia mgonjwa katika utafiti bila ya kumwuliza. La pili ni kukataa hata kumwuliza, kwa kuwa imeaminiwa kwamba hawezi kujibu. Yote mawili humpunguzia utu wake.

Kanuni ya Nuremberg, iliyotolewa mwaka 1947 katika hukumu ya madaktari wa Kinazi, ilitaka kila achunguzwaye awe na uwezo kisheria wa kutoa ridhaa kwa hiari. Sharti hilo ni ngao, lakini kwa wagonjwa hawa laweza kuwa ukuta pia. Maradhi yasiyochunguzwa yatapatiwaje dawa? Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likafungua mlango: asiye na uwezo kisheria aombewe ridhaa kwa msimamizi wake.

Lakini asiye na uwezo ni nani? Jina la ugonjwa halijibu swali hili. Mwaka 1988 Paul Appelbaum na Thomas Grisso walitaja mambo manne ya kupimwa: kufahamu maelezo, kutambua kuwa yamhusu mtu mwenyewe, kulinganisha faida na hasara, na kueleza uamuzi. Mtu aweza kusikia sauti zisizokuwapo, na hata hivyo akajua kwamba katika utafiti dawa hugawiwa kwa kura, si kwa haja yake. Mwenye akili timamu naye aweza kutolijua hilo, akatia sahihi kwa kudhani anatibiwa tu.

Mwaka 2000 William Carpenter na wenzake, huko Marekani, walieleza jambo la kuzingatiwa. Wagonjwa wa skizofrenia walifahamu maelezo ya utafiti kwa upungufu kuliko watu wasio wagonjwa. Lakini waliopungukiwa walipofundishwa tena, tofauti ile haikuonekana. Basi upungufu mwingine ulikuwa wa maelezo, si wa akili.

Hapana budi kukiri kuwa wapo wasioweza kufahamu hata wakifundishwa, na wapo waitikiao kwa hofu ya kumwudhi daktari ambaye tiba yao i mikononi mwake. Wa kwanza wahitaji msimamizi asiye na faida katika utafiti. Wa pili wahitaji kuulizwa na mtu mwingine. Wote wahitaji kukataa kwao kuheshimiwe. Kabla ya kupima kama mgonjwa aweza kujibu, mtafiti ana wajibu wa kujipima kama amejua kuuliza. Maana ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa si ridhaa.