Kura ya Kuvunja Muungano ni Ushahidi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baadu:

Ndugu zangu watu wa pwani, nilikuwa Karatu, mji ule wa vumbi jekundu ulio njiani kwendea Ngorongoro, ambako baadhi ya wenzetu wamekwenda kutafuta riziki. Baada ya sala ya isha alinijia kijana mmoja wa Pemba, anunuaye vitunguu Mang'ola na kuvipeleka pwani. Ameoa huko huko mwanamke wa Kiiraqw aliyesilimu, na wana watoto wawili. Akaniuliza: "Maalim, siku sisi Wazanzibari tutakapoulizwa, mwabaki katika Muungano au mwatoka, nijibu nini nisiwe mwenye dhambi?"

Kura hiyo haijaitishwa. Lakini swali si la upuuzi. Muungano ulitiwa sahihi na watu wawili, Mwalimu Nyerere na Mzee Karume, tarehe 22 Aprili 1964, ukaanza tarehe 26, wala wananchi wa pande zote mbili hawakupigishwa kura. Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu. Bunge Maalum la 2014 likashika mbili. Na kura ya maoni juu ya Katiba ile, iliyowekewa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Basi ni kheri mtu ajue hukumu ya jambo kabla halijamfika, kama mtoto afundishwavyo chuoni sala ya maiti hali hapana maiti.

Nikamjibu: Kura ni ushahidi, na ushahidi hautolewi ila kwa ilimu. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya Al-Israa, kufuata tusilolijua. Mwenye kupiga kura kwa kuwa jirani amesema, au kwa kanga na kilo ya sukari, ameshuhudia asiloliona. Tena Muungano ni mapatano, nasi tumeamrishwa katika Sura ya Al-Maida kuyatimiza mapatano. Lakini mapatano yana njia za kuvunjika. Wawili wakiridhiana kurudishana, hiyo ndiyo ikala. Mmoja akiona aibu iliyokuwamo tangu siku ya kupatana, anayo khiyari ya kurudisha. Illa katika madhehebu yetu ya Imam Shafi yampasa aharakishe, na akiendelea kutumia hali ameijua aibu, khiyari yake imeanguka.

Kijana akadakia: "Na mtu akiuza mali ya mwenziwe bila ya idhini?" Nikacheka, kwani nilijua amesoma. Naam, mauzo ya fudhuli kwetu ni batili, kwa kauli iliyo na nguvu. Lakini, mwanangu, nchi si ng'ombe. Ng'ombe hurudishwa kwa kamba yake. Ndoa na makaburi ya miaka sitini yatarudishwa kwa kamba gani? Hata nikahi ikidhihirika kuwa na kasoro, baada ya watu kukaa nayo kwa nia njema, watoto waliozaliwa humo nasaba yao kwa baba yao ni thabiti. Basi watazame watoto kwanza, kisha utazame karatasi.

Wala sikumwambia kwamba kutoulizwa ni jambo dogo. Huko juu Ngorongoro, mwaka 1958, wazee 12 wa Kimasai walitia alama zao katika karatasi ya kukubali watu wao watoke Serengeti, wakaambiwa watakaa Ngorongoro. Wazee 12 walisemea maelfu. Mwezi wa Agosti 2024 wajukuu wa watu wale walijaa barabarani siku kadhaa, kwa kuwa vijiji vyao vimefutwa katika tangazo la Serikali na vituo vyao vya kura vimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Mpaka Mahakama Kuu ya Arusha ikalisimamisha tangazo lile. Asiyeulizwa hasahau. Kwa hiyo mwenye kutaka kutoka asiitwe mfitini, na mwenye kutaka kubaki asiitwe mtumwa. Nimesikia maneno haya yakisemwa barazani, na katika watu wanaosali safu moja!

Kisha nikamtajia ndugu zetu wa Komoro, watu wa madhehebu yetu. Desemba 1974 waliulizwa kama wataka kujitenga na Ufaransa. Visiwa vitatu vikakubali. Watu wengi wa Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte, wakakataa, nayo Ufaransa ikaishika Maore mpaka leo. Mwaka 1995 ikaweka viza, na tangu hapo watu wa Nzwani huvuka usiku kwa mashua ndogo kuwafuata jamaa zao, na wengi wamezama. Nao watu wa Nzwani, mwaka 1997, walipiga kura ya kutoka katika Komoro, wakakubali karibu wote. Mwaka wa pili wakapigana wao kwa wao. Na Katiba ya 2001 ikawarudisha katika muungano mpya. Siyasemi haya ili niharamishe kutoka. Nasema kwamba waliulizwa ndiyo au siyo, wala hawakuulizwa nani atavuka, na kwa karatasi gani.

Kijana yule ana kiwanja Karatu. Sheria ya Ardhi ya 1999, ilipotungwa, haikumpa asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Muungano ukivunjwa, yeye atakuwa nani hapo, na mkewe atakuwa nani Pemba? Kabla ya kujibu ndiyo, na ataka mapatano yaliyoandikwa juu ya watu kama yeye. Kabla ya kujibu siyo, na auulize upande wa pili utaondoa aibu gani, na lini. Tena sheria ya uchaguzi ya Zanzibar ya 1984 ilimtaka mpiga kura awe amekaa jimboni miezi 36; basi huenda yeye aulizaye asiwe na kura kabisa, ikapigwa na nduguye aliyeko Wete, ambaye hajapata kuiona Karatu.

Aliposikia hayo akanyamaza kitambo. Nikamkumbusha sala ya istikhara, nikamwambia kwamba haiwi badala ya kushauriana. Akasema ataanza kwa kumwita kakake aje akae naye mwezi mmoja, awaone wale watoto.

Wallahu aalamu.