Kumtaja Jirani Kuwa Mchawi: Mpaka wa Uhuru wa Kusema Kandokando ya Ziwa Nyasa

Sheria ya Uchawi, Sura ya 18 ya Sheria za Tanzania, ilitungwa na utawala wa Kiingereza mwaka 1928. Haikuishia kumkataza mtu kujidai ana uchawi au kumtishia mwenzake kwa uchawi. Ilifanya kuwa kosa pia kumtaja mtu mwingine kuwa mchawi. Siku hizi tukijadili kauli za chuki, mawazo yetu hukimbilia mikutano ya siasa na mitandao ya kijamii. Lakini wilayani Kyela, kuanzia Matema hadi Kasumulu mpakani na Malawi, neno linaloweza kumng'oa mtu katika nyumba yake na shamba lake la kokoa upesi kuliko tusi lolote la kabila au dini ni neno hilo la uchawi. Basi swali linafaa kuulizwa hapa: ikiwa mtu yuko huru kuamini kwamba uchawi upo, kwa nini asiwe huru kumtaja anayemdhania? Jibu langu ni kwamba uhuru wa kusema hukoma pale neno linapomnyang'anya mwenzako kila njia ya kulijibu.

Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, katika miaka ya 1930, waliandika habari za watu walioamini kwamba maneno yana nguvu juu ya mwili. Mtu akivunja heshima ya ukoo au ya kijiji, manung'uniko ya majirani yaliaminika kumletea baridi na homa. Imani kama hiyo ingeweza kuwafunga watu vinywa kwa hofu, lakini haikuwafunga. Katika matambiko ndugu walitakiwa kutoa hadharani hasira waliyokuwa nayo, kwa kuwa iliyoogopwa hasa ni hasira iliyofichwa moyoni. Lalamiko lilihesabiwa kuwa tiba. Shutuma ya uchawi nayo ilikuwa na njia yake: mshutumiwa alikunywa mwafi, na akitapika alihesabiwa hana hatia. Mwafi ulikuwa sumu, na kuupiga marufuku kulikuwa haki. Hata hivyo, ndani ya ukatili ule kulikuwa na kanuni isiyostahili kufa, kwamba anayetuhumiwa apewe mahali pa kujitetea na shauri lake liwe na mwisho. Leo mwafi haupo, shutuma imebaki, na aliyetajwa hana tena pa kutokea.

Tazama shutuma hiyo inavyofanya kazi. Mtu akiambiwa ameiba mpunga, anaweza kueleza alikuwa wapi usiku ule, ghala lake likakaguliwa, shahidi akaitwa. Akiambiwa ni mchawi, hana cha kuonyesha. Akikana, watasema wachawi wote hukana, akinyamaza, amekiri, akihama, amejifichua. Akisema alikuwa amelala kwake, wanajibu kwamba mchawi hutoka usiku na kuuacha mwili kitandani. Tumezoea kusema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mshutumiwa wa uchawi methali hiyo hugeuka hukumu. Ndiyo maana wanaotajwa mara nyingi ni wasio na wa kuwasemea: wajane, na wazee wanaoishi peke yao. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kisingizio cha macho mekundu, wekundu ambao moshi wa jikoni wa miaka mingi unatosha kuueleza. Katika mikoa ya magharibi na ya nyanda za juu kusini, waganga wanaoitwa lambalamba wamepita vijijini wakilipwa ili wafichue wachawi. Kutaja kwa namna hiyo hakuipi jamii habari inayoweza kupimwa. Kunamtoa mtu katika jamii.

Afrika Mashariki inajua mwisho wa neno la aina hii. Mwaka 1994 redio ya RTLM nchini Rwanda iliwaita Watutsi mende, tena ikatangaza majina ya watu na mahali walipo. Waanzilishi wake wawili walihukumiwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, tarehe 3 Desemba 2003. Hukumu ya rufaa ya 28 Novemba 2007 ilifuta sehemu ya makosa yao, na sababu zake ni funzo. Majaji walitenganisha kauli za chuki kwa ujumla na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari, na kosa hili la pili wakaliona katika matangazo ya baada ya 6 Aprili 1994. Kijiji si taifa, wala shutuma ya uchawi si mauaji ya kimbari. Lakini hatua zinafanana: mtu anafanywa adui asiyeweza kujitetea, kisha wenye mapanga wanaonyeshwa alipo. Sheria yenye busara huzuia neno katika hatua hizo, na huacha mengine yabishaniwe.

Atakayepinga kwa jina la dini atasema kwamba Ibara ya 19 ya Katiba inalinda imani, na imani isiyoruhusiwa kutamkwa ni imani iliyofungwa. Pingamizi hilo ni zito kwa imani yenyewe, na jepesi kwa kumtaja mtu. Mchungaji yuko huru kuhubiri kwamba nguvu za giza zipo, na mganga yuko huru kuamini hivyo. Kutoka hapo hadi kusema kwamba nguvu hizo zinakaa kwa bibi wa nyumba ya tatu ni kuvuka kutoka imani kwenda kwenye mashtaka, na mashtaka yana masharti yake. Dini zenyewe zinajua tofauti hiyo. Amri Kumi zinakataza kumshuhudia jirani uongo. Waraka wa Yakobo, sura ya 3, unaonya juu ya ulimi kwa ukali kuliko juu ya viungo vingine. Surat An-Nur inamwadhibu anayemsingizia mwanamke uzinzi bila kuleta mashahidi wanne, na Surat Al-Hujurat inawakataza waumini dhana mbaya na kusengenyana. Muumini anayemtaja jirani yake bila ushahidi hawezi kujificha nyuma ya vitabu hivyo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: serikali ikipewa rungu la kuzuia maneno, italigeuzia wakosoaji wake. Hofu hii ina msingi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imetumika kuwafikisha mahakamani watu walioandika maneno ya kumuudhi Rais, na tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kipimo ninachokitetea, yaani kama aliyetajwa ana njia ya kujibu, kinaiondolea serikali kisingizio cha kufanya hivyo. Waziri akiitwa mwizi ana msemaji, ana vyombo vya habari, ana mahakama. Anaweza kujibu kabla jua halijazama. Mjane wa Ipinda, wilayani Kyela, aliyeitwa mchawi msibani hana hata kimoja. Sheria inayomlinda waziri na kumwacha mjane imesimama kichwa chini.

Wengine watasema sheria ya 1928 imeshindwa, kwani imekuwapo karibu miaka mia na wazee bado wanauawa. Ni kweli, na sehemu ya kosa iko ndani yake: inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumhamisha anayeshukiwa, hivyo dola inaitikia shutuma ileile inayoikataza. Kifungu hicho kifutwe. Pamoja na hilo, katazo peke yake husukuma minong'ono gizani. Mzazi aliyefiwa na watoto wawili anahitaji kusikilizwa, aeleze uchungu wake na ugomvi wake na jirani, apate jibu la daktari kuhusu ugonjwa na la baraza la kata kuhusu mpaka wa shamba. Kazi hiyo ni ya wenyeviti wa vitongoji, wachungaji, mashehe na wazee wa ukoo, na inaanzia kwenye matanga, ambako vidole huanza kunyooshwa. Waruhusuni wafiwa waseme yote yaliyo moyoni. Jina la mtu likitajwa kwa uchawi, simameni hapohapo mlikatae kwa sauti, na anayeendelea apelekwe polisi.