Mbio za Asubuhi na Chungu cha Nyumbani

Siku hizi katika mji wa Masasi, na Newala vivyo hivyo, kumeingia desturi mpya. Kabla ya jua kuchomoza waonekana watu wakikimbia kando ya barabara, wamevaa viatu vya mpira, wengine peke yao, wengine kwa makundi huku wakiimba. Hao si askari wala watoto wa shule. Ni waalimu, makarani, wafanya biashara ya korosho, hata wazee wa kanisa. Desturi hii ilitiwa nguvu katika mwezi wa Desemba 2016, hapo Mama Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati ule, alipoagiza ya kuwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya watu wote kufanya mazoezi. Na Shirika la Afya Duniani lafundisha ya kuwa mtu mzima yampasa apate kila juma dakika 150, kama si zaidi, za kutembea kwa haraka, au za kazi yo yote iusumbuayo mwili kwa kadiri hiyo, hata kazi ya nyumbani. Maneno hayo ya mwisho watu huyapita upesi.

Sisi twaisifu desturi hii, maana magonjwa ya sukari na ya shindikizo la damu yamekuwa mengi. Lakini imeleta uchungu katika nyumba kadha wa kadha. Mtu arudi katika mbio zake, mkewe amwandalia ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, naye akisukuma chakula kando na kusema, "Hiki chaniharibia mazoezi." Au kijana aenda likizo kwa mama yake Newala, naye mama amekwenda porini kuchimba ming'oko kwa ajili yake, kwa kuwa ajua tangu utoto aipenda. Kijana aonja viwili vitatu, kisha akataja hesabu ya wanga. Mama hajui habari ya wanga. Asikiayo yeye ni kwamba mikono yake haifai tena. Wako na wengine walio kinyume cha hao, ambao wakisha kukimbia nusu saa hula sahani mbili, wakisema wamekwisha kulilipia deni.

Basi twauliza: je, ni haki mtu kuuweka mwili wake na chungu cha nyumbani kuwa adui wawili?

Hapo zamani havikuwa adui. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Mchanga hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini, penye miteremko. Mdachi Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika hadithi aliyopewa na wenyeji, ya kuwa watu wa kwanza walikaa karibu na mto, watoto wao wakafa, nao hawakupata mtoto aliye hai mpaka walipopanda juu. Hivyo walichagua uzima wakakubali taabu ya maji. Taabu hiyo ilikuwa kushuka genge na kulipanda tena, mtungi kichwani. Ongeza jembe katika shamba la muhogo, ongeza kuni, ongeza mchi na kinu, ndipo utaelewa kwa nini mama zetu waliupakua ugali kama kilima. Kipimo kile kilikuwa cha mtu aliyelima tangu alfajiri.

Sasa mashine yasaga, bomba lafika mahali pengi (ingawa si kila siku), na pikipiki yatupeleka hata mahali ambapo babu zetu wangaliona haya kutokwenda kwa miguu. Kazi imepungua, kilima cha ugali kimebaki vile vile. Kwa hiyo mwenye kukaa kitini kutwa na apunguze kipimo, wala si neno. Bali chakula chenyewe hakina hatia. Kisamvu, mbaazi, kunde, ming'oko, hivi si vya kulaumiwa kabla ya soda na maandazi anunuayo mtu huyo huyo mchana ofisini. Tena aliyekatazwa chakula fulani na mganga wa hospitali, huyo atii, na mtu asimcheke wala kumshurutisha kwa ajili ya heshima ya mwenyeji.

Lakini liko neno lituumizalo zaidi. Yule akimbiaye alfajiri huwapita njiani wanawake wenye ndoo vichwani, na pengine mmoja wao ni mkewe mwenyewe. Yeye ajihesabia dakika zake, naye mke hana amhesabiaye. Kisha arudi, akae, angoje chakula, na kikija akilaumu. Mtume Paulo hakuyadharau mazoezi ya mwili alipomwandikia Timotheo, ila aliyapa mahali padogo kuliko utauwa. Nasi hatuoni utauwa gani uwezao kumpita mwenye mzigo, na mikono mitupu.

Shauri letu ni hili: apendaye chakula cha kwao na aitie nguvu yake mpya katika kazi ya chakula hicho. Achukue ndoo mbili asubuhi tatu katika juma. Atwange kisamvu mpaka kilainike, aone kama kifua chake hakitapanda na kushuka. Kijana wa Newala amfuate mama yake porini, achimbue ming'oko. Kabla ya saa nne shati lake litakuwa limelowa, na chakula cha mchana hatauliza kina wanga kiasi gani. Siku zilizosalia akimbie akipenda.

Najua, wasema wengine, wanaume watachekwa, maana mchi ni wa wanawake. Lakini mtu aliyekwisha kupita mbele ya wakwe zake amevaa kaptura, akitweta, na mtaa mzima wamtazama, hatujui ni aibu gani iliyombakia hata auogope mchi.