Saa Kumi Alasiri Ni ya Nani?

Kengele ya mwisho ikishagongwa, mtoto hubakiwa na saa mbili tatu za mwanga kabla ya magharibi, na saa hizo zinagombewa. Twisheni inazitaka, kazi za nyumbani zinazitaka, chuo cha Kurani kinazitaka, na uwanja nao unazitaka. Anayeutetea uwanja, au kwaya, au skauti, au mdahalo, siku hizi hulazimika kuja na hoja moja ili asikilizwe: kwamba shughuli hizo zinapandisha alama na kunyoosha tabia. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini naamini imewekwa kichwa chini miguu juu. Inaugeuza mchezo wa mtoto kuwa kibarua wa mtihani, na siku matokeo yakiwa mabaya, kibarua ndiye anayefukuzwa kwanza.

Tuanze na ushahidi, maana si wa kupuuzwa. Watu wakiona wachezaji wa shule wana alama nzuri kuliko wenzao, husema mpira umewasaidia. Lakini anayejiunga na timu mara nyingi ni yule mwenye afya, mwenye nauli ya jioni, mwenye mzazi anayefuatilia. Huenda angefaulu hata bila mpira. Ndiyo maana tafiti zinazowagawa watoto kwa bahati nasibu zina uzito zaidi. Serikali ya Marekani ilipogharimia vituo vya baada ya masomo, tathmini ya shule za msingi iliyotolewa mwaka 2005 ilifuata njia hiyo. Watoto waliopata nafasi walijiona salama zaidi, ila alama zao hazikupanda, na walisimamishwa shule zaidi kuliko waliokosa nafasi. Miaka mitano baadaye Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan walikusanya matokeo ya programu karibu 70 zilizolenga kukuza tabia na mahusiano ya watoto. Kwa wastani kulikuwa na faida, hata katika masomo. Walipochambua zaidi wakakuta faida hiyo imelundikana upande mmoja: kwenye programu zinazofundisha stadi hatua kwa hatua, mtoto akitenda mwenyewe, muda ukitengwa, na mwalimu akijua wazi anafundisha nini. Kwingineko hapakuwa na la kutaja. Toronto nako, Glenn Schellenberg aliwagawa watoto 144 wa miaka sita: wengine wakafundishwa kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine wakasubiri zamu. Katika utafiti huo wa mwaka 2004, waliosoma muziki walipanda kidogo zaidi ya wenzao katika vipimo vya akili. Walioigiza hawakupata nyongeza hiyo, lakini ndio waliopiga hatua katika kuishi na watu. Na huko Michigan, Jacquelynne Eccles na Bonnie Barber walionyesha mwaka 1999 kwamba vijana wanamichezo waliipenda shule na kufanya vizuri darasani, na wakati huohuo walikunywa pombe zaidi kuliko wenzao.

Matokeo haya yanaonekana kupingana mpaka tuache kuihesabu saa na tuangalie kinachofanyika ndani yake. Saa haimlei mtoto. Analelewa na kile anachodaiwa ndani ya saa hiyo, na mtu anayemdai. Tazama mazoezi ya kwaya. Sauti ya pili imeingia nusu pigo kabla ya wakati. Mwalimu anashusha mkono, wimbo unakatika, watoto arobaini wananyamaza wakingoja. Hakuna aliyechapwa wala kutajwa jina, lakini binti wa mstari wa nyuma amejua kuwa ni yeye. Mkono unapoinuka tena, anahesabu kwa kidole pajani, moja, mbili, tatu, anazuia pumzi, na safari hii anaingia pamoja na wenzake. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Hapa tunaona jinsi inavyokuwa. Darasani kosa la hesabu ni la mwenye daftari. Kwenye kwaya kosa la mmoja linawasimamisha wote, na wote wanamsubiri arekebishe. Binti huyo anaweza kuihamishia subira ile kwenye aljebra, au asiihamishie. Kwa vyovyote ameshajizuia kwa ajili ya wengine, na hilo haliongezewi thamani na cheti chochote.

Watu wa pwani wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili, kwa kuwa Zanzibar, Lamu na Mombasa shughuli kongwe ya baada ya masomo ni chuo. Mtoto anavua sare ya shule, anavaa kanzu au buibui, anakwenda kukaa tena mkekani mbele ya mwalimu mwingine. Hakuna mzazi anayempeleka ili apate alama nzuri za sayansi. Anampeleka kwa kuwa mtoto ni amana, na roho yake ina haki juu ya mzazi. Hapo tayari tumekubali kwamba jioni inaweza kuwa na thamani bila kuomba kibali cha mtihani. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliongeza katika kitabu chake cha Ihya neno linalowahusu hata walimu wa chuo wenyewe: mtoto akitoka kusoma aruhusiwe kucheza mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwa sababu kumnyima mchezo na kumbana kwa masomo bila kikomo kunaua moyo wake, kunazima akili yake, na kunamfanya atafute hila za kuikimbia elimu. Mwanazuoni aliyeiweka elimu juu kiasi kile hakuona mchezo kuwa adui yake.

Pingamizi zito zaidi ni la mzazi maskini. Atasema: maneno haya ni ya wenye nacho, mwanangu ana mtihani mmoja wa kidato cha nne, na akianguka hakuna mlango wa pili. Siwezi kumlaumu, na wala simwambii aache kuhesabu alama. Ila twisheni ya jioni nzima nayo ni saa tu. Mtoto aliyechoka akiongezewa maelezo yaleyale ya asubuhi hapati alichokikosa asubuhi. Na tunao mfano wetu wa kile kinachotokea shughuli inapofanywa chombo. Mwaka 1967 Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia uzito uliopewa mitihani, akataka kila shule iwe na shamba ambalo wanafunzi wangelipanga na kulilima wenyewe, wakiona faida na hasara ya maamuzi yao. Wazo lilikuwa la malezi hasa. Lakini katika shule nyingi jembe likaja kuwa adhabu ya aliyechelewa namba. Shamba lilikuwepo, saa zilikuwepo, kazi ilifanyika. Kilichoondoka ni yule mtoto anayeamua, na mwalimu anayeamua pamoja naye.

Kwa hiyo sidhani kama shule inapaswa kuulizwa ina vilabu vingapi. Iulizwe saa kumi alasiri nani yupo pale na watoto. Mara nyingi yupo mwalimu mmoja wa Kiswahili au jiografia, mwenye filimbi aliyoinunua kwa fedha yake, aliyebaki kwa mapenzi tu huku wenzake wakienda kwenye vipindi vya twisheni vinavyolipa. Saa yake haimo kwenye ratiba, haihesabiwi katika mzigo wake wa kazi, na akihamishwa, kwaya inakufa muhula huohuo. Saa hiyo iandikwe kwenye ratiba na ilipwe, kama kinavyolipwa kipindi cha hisabati.