Udongo Uliochomwa



Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita tulikuwa katika mlango wa tayammum, tukisoma Minhaj ya Imam an-Nawawi, nikakutana na hukumu iliyonikwamisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, tayammum haisihi ila kwa udongo twahara wenye vumbi. Unga wa chungu kilichochomwa hautoshi, hata ukisagwa ukawa laini kama vumbi la barabarani, kwa sababu moto umeshautoa katika jina la udongo. (Wahanafi wana wasaa zaidi, tofali lililochomwa kwao linafaa. Tusigombane.) Wenzangu waliandika wakaendelea. Mimi nilibaki hapo hapo, maana ada yangu ya chuo inatoka kwenye matofali.

Kwetu ni Sop Sop, upande wa Tororo. Baba mdogo, aliyenilea, hufyatua matofali kando ya bonde la mafunjo. Kila kiangazi huchimba udongo, hufyatua, huanika, hupanga tanuri na kulikandika matope, kisha moto huwaka usiku na mchana. Nilipokuwa mdogo tulichochea kwa matawi. Siku hizi ni vigogo vya miembe, maana miti mingine imeshakuwa makaa na kupakiwa baiskeli kwenda Busia. Mwaka 2018 Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu yake ya serikali. Haja ya makaa haikusimama pamoja nao.

Kuna jambo ambalo sikulijua nikibeba matofali hayo kichwani. Mti huvuta hewa ya kaboni na kuifanya mwili wake. Majani na mizizi ikifa, sehemu ya kaboni hiyo hubaki ardhini, na katika bonde la mafunjo maji huizuia isioze upesi, ikajilimbika miaka na miaka. Udongo wa dunia umebeba kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote kwa pamoja. Hiyo ni amana. Tukilikausha bonde na kulichimba, amana inatoka kwenda angani. Tukichoma mwembe juu yake, tumeitoa mara ya pili. Joto linalofuata haliulizi nani aliwasha.

Atakayesema tujenge kwa saruji, naye atazame moshi wa Tororo mjini. Jiwe la chokaa likichomwa hutoa kaboni iliyokuwa ndani ya jiwe lenyewe, na hiyo ni zaidi ya nusu ya kaboni yote ya kutengeneza saruji. Kuni na makaa ya mawe ni nyongeza. Sina kidole cha kumnyooshea mtu.

Aya ya 41 ya Surat ar-Rum, inayotaja uharibifu wa bara na bahari kwa yaliyochumwa na mikono ya watu, nimeisikia kwenye hotuba nyingi, na kila mara mikono hiyo ilikuwa ya watu wengine, wenye viwanda, wa nchi za mbali. Lakini aya inaendelea kusema kwamba tunaonjeshwa baadhi tu ya tuliyoyafanya, ili huenda tukarejea. Arejee nani, kama si aliyefanya?

Likizo iliyopita msikiti wetu ulikuwa unapanuliwa, na baba mdogo alikuwa ameweka nadhiri ya tanuri zima la matofali. Imamu akanipa nafasi baada ya Isha. Nilikuwa nimeandaa maneno haya yote. Nikamwona amekaa safu ya mbele, amevaa kanzu yake ya Idi, ananisikiliza kwa fahari. Nikasoma hadithi ya Anas kuhusu Muislamu apandaye mti, akala ndege, mtu au mnyama, ikawa sadaka kwake. Nikaketi. Kwa miti inayokatwa sikusema neno.

Nyumbani, tukinywa chai, nikamsimulia ile hukumu ya Minhaj. Akacheka.

"Kwa hiyo, ustadhi, ada yako nilipe kwa tayammum?"

Sikuwa na jibu. Nikamweleza matofali ya kufungamana: udongo unachanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, unamwagiwa maji kivulini mpaka ukomae. Hauchomwi. Saruji imo, nakiri, ila kuni hakuna. Na nadhiri yake ilikuwa ya matofali, moto hakuutaja.

"Mashine hiyo ni kiasi gani? Mfuko mmoja unatoa matofali mangapi?"

Hilo nalo sikulijua. Nimemuuliza mwenzangu anayesomea ujenzi, nasubiri hesabu yake.

Tanuri limeshapangwa na kukandikwa, halijawashwa. Mwembe wa nyuma ya nyumba, tunaoketi chini yake kungoja Adhuhuri, una alama ya panga kwenye shina. Nimemwomba asiukate mpaka nirudi Desemba. Hakusema ndiyo, wala hakusema la.